Glirisidia, lusina, mvinje, akesia au mbaazi: upi utalilisha konde lako?

Hapa Zanzibar, mkulima wa Dole mwenye migomba, wa Micheweni anayelima kati ya mawe, na wa Mkoani mwenye mikarafuu juu ya kilima, wote wanaweza kuambiwa neno moja: pandeni miti inayorutubisha udongo. Neno lenyewe ni la kweli. Ila miti hiyo ni mingi na tabia zake hazifanani. Mmoja huachia mbolea yake wiki chache tu baada ya kukatwa, mwingine huizuia kwenye majani makavu kwa muda mrefu, na mwingine hudumaa ukiupanda kwenye udongo usiokuwa wake.

Hapa nalinganisha mitano: glirisidia, lusina, mvinje, akesia na mbaazi. Niseme mapema ninakoegemea. Kuuliza mti upi unavuta naitrojeni nyingi zaidi kutoka hewani hakumsaidii sana mwenye konde. Linalomsaidia ni kujua upi utairudisha ardhini wakati zao lake lina njaa, kwenye udongo alionao, na juu ya ardhi ambayo ana haki ya kupanda mti.

Naitrojeni inaingiaje mtini

Asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni naitrojeni, na bado mgomba uliozungukwa na hewa hiyo usiku na mchana unaweza kuwa manjano kwa kuikosa. Naitrojeni ya hewani huenda atomi mbili mbili, zimeshikana kwa vifungo vitatu, na mmea hauna nguvu ya kuvifungua. Viwanda vya mbolea huvifungua kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 na presha kubwa sana, pamoja na hidrojeni ambayo kwa kawaida hutolewa kwenye gesi asilia. Bakteria wa udongoni huifanya kazi hiyohiyo kwenye mizizi ya glirisidia, kwa joto la kawaida la udongo wetu.

Kwa miti ya jamii ya kunde mambo huenda hivi. Mzizi wenye njaa ya naitrojeni hutoa kemikali ziitwazo flavonoidi. Bakteria wa kundi la raizobia wakizihisi hujibu kwa kemikali zao wenyewe, na unywele wa mzizi hujikunja ukawafumbata. Wanapita kwenye mrija mwembamba hadi ndani, seli za mzizi zinaanza kugawanyika, na kinundu kinaota. Ndani ya kinundu bakteria wanalishwa kwa sukari iliyotengenezwa majanini, nao kwa upande wao wanaigeuza naitrojeni ya hewa kuwa amonia. Chombo chao ni kimeng'enya kiitwacho naitrojenesi, ambacho kiini chake kina chuma na molibdenamu.

Kimeng'enya hiki huharibika kikikutana na oksijeni, na papo hapo bakteria wenyewe hawawezi kuishi bila oksijeni ya kupumulia. Mti umelipatia hilo dawa: protini nyekundu iitwayo legihemoglobini, ndugu wa ile iliyomo kwenye damu yetu. Inaikamata oksijeni na kuwagawia bakteria kidogo kidogo, na naitrojenesi inabaki salama. Kwa hiyo unaweza kuupima mti wako bila maabara yoyote. Wakati wa masika fukua taratibu mizizi midogo iliyo karibu na uso wa ardhi, tafuta kinundu, kipasue kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kazi inafanyika. Kikiwa cheupe, ama bado kichanga ama kimeingiliwa na bakteria wasiofaa. Cha kijani au kahawia kimeshazeeka. Natamani kila bwana shamba angemwonyesha mkulima jambo hili kabla ya kumkabidhi mche wa pili.

Amonia haikai hivyo ilivyo, maana ikirundikana ni sumu kwa seli. Mti huibadilisha upesi kuwa glutamini, na kutokana na hiyo miti mingi hutengeneza asparajini, ambayo hupanda pamoja na maji hadi kwenye majani. Mbaazi, sawa na kunde, husafirisha naitrojeni yake kwa umbo jingine, ureidi, linalobeba naitrojeni nyingi kwa kaboni kidogo. Ikifika majanini inakuwa protini na ule ukijani wenyewe wa jani.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanadhani mizizi ya glirisidia inamwaga naitrojeni pembeni kwa ajili ya muhogo ulio jirani. Kinachovuja kutoka kwenye mizizi hai ni kidogo. Sehemu kubwa ya naitrojeni imo kwenye majani, na hairudi ardhini mpaka jani lianguke, tawi likatwe, au vinundu na mizizi midogo ife baada ya mti kupogolewa. Mti ulioachwa ukue bila kuguswa katikati ya konde unajilisha wenyewe, na juu ya hapo unalinyima zao lako jua.

Kazi ya vinundu ni ya gharama. Kuivunja molekuli 1 tu ya naitrojeni kunatumia angalau molekuli 16 za ATP, ambayo ndiyo nguvu ya matumizi ndani ya seli. Nguvu hiyo inatoka kwenye sukari, na sukari inatoka kwenye jua. Mti wa aina hii ukiwekwa chini ya mwembe mkubwa utakua kwa shida na vinundu vyake vitakuwa vichache. Mti pia haulipii kile unachokipata bure: ukiumwagia mbolea ya urea unapunguza vinundu, kwa sababu naitreti, yaani naitrojeni iliyo tayari kunyonywa na mzizi, ikijaa udongoni mzizi haupokei wageni. Kinachohitajika ni fosfati, chumvi yenye fosforasi, na udongo wetu mwingi unaishikilia. Ule mwekundu huifunga kwa chuma, ule wa mawe ya matumbawe huifunga kwa chokaa. Majivu ya jikoni au samadi kidogo shimoni wakati wa kupanda husaidia kuliko urea. Maji nayo: jua la kaskazi likikausha udongo wa juu, kazi hupungua na vinundu vingi hufa, kisha vipya huota mvua ikirudi.

Mvinje hauna raizobia

Mvinje si wa jamii ya kunde. Bakteria wake ni wa kundi jingine kabisa, Frankia, wanaokua kwa nyuzi kama ukungu, na walikuja kufanikiwa kuoteshwa maabara mwaka 1978 tu, wakati raizobia walishapatikana tangu 1888. Vinundu vyake havifanani na vya kunde: ni vigumu kama mti, vinaishi miaka, na vinajigawa matawi hadi kufanya fundo linaloweza kujaa kiganja. Naitrojenesi ni ileile, na katika vinundu vya mvinje pia kuna hemoglobini ya kuichunga oksijeni.

Tofauti hii ina maana kwa anayeotesha miche. Udongo uliochukuliwa chini ya glirisidia hauusaidii mvinje kitu, wala wa mvinje haumsaidii mwenye lusina. Ukiotesha miche mahali ambapo mti wa aina hiyo haujawahi kuwepo, chukua udongo wa juu chini ya mti mkubwa wa aina ileile wenye vinundu vizima, uchanganye kwenye viriba. Kwa mvinje unaweza pia kuponda vinundu vichache vibichi kwenye maji safi ukamwagia miche. Jambo dogo, lakini linaamua kama mche utakuwa kijani au utabaki manjano mwaka mzima.

Halafu kuna miti inayosifiwa kwa sifa isiyokuwa yake. Mjohoro ni wa jamii ya kunde na una maganda, lakini hauoti vinundu. Mkwaju vilevile. Yote miwili ni miti ya faida, mmoja kwa kuni na nguzo, mwingine kwa ukwaju wenyewe na kivuli chake, ila majani yake yanarudisha ardhini kile tu ambacho mizizi ilikiokota ardhini humohumo. Mtu akikuuzia miche ya mjohoro kwa ahadi ya kukutajirishia udongo kwa naitrojeni ya hewani, usinunue kwa sababu hiyo.

Glirisidia na lusina

Hawa ndio washindani wa kweli, na wote wawili asili yao ni Meksiko na nchi za jirani. Majani yao yana naitrojeni ya kufanana, takriban asilimia 3 hadi 4 ya uzito wa jani kavu. Yakitandazwa juu ya udongo wenye unyevu huoza upesi, na sehemu kubwa ya naitrojeni inaachiwa ndani ya wiki chache. Kwa kipimo cha mbolea peke yake ningewaweka sawa. Vinavyowatenganisha ni udongo, namna ya kupanda, mifugo, na kuenea.

Lusina inapenda chokaa. Kwenye kinongo (udongo mwekundu) kilicho juu ya mawe ya matumbawe, au kwenye mifuko ya udongo iliyo kati ya mawe ya uwandani, ile ardhi ya matumbawe, upande wa Makunduchi, inaweza kustawi vizuri. Kwenye udongo wenye asidi, kama ulivyo mwingi wa vilima vya Pemba ambako mvua imeshaosha chokaa yote, lusina hudumaa na vinundu vyake huwa haba. Glirisidia haichagui hivyo. Inavumilia asidi kiasi, inavumilia kichanga, na haikatai kinongo. Isichokipenda ni maji yaliyotuama, kwa hiyo usiipeleke kwenye kinamo, udongo mzito wa mfinyanzi, cha bondeni.

Glirisidia unaipanda kwa fimbo. Kata tawi lililokomaa la urefu wa mita 1 hadi 2, lichomeke mwanzoni mwa masika, na kwa kawaida litachipua. Wenye vanila na pilipili manga wanaujua uzuri wa hilo: siku hiyohiyo una nguzo, na baadaye nguzo hiyo inakuwa mti wa kivuli na mbolea. Kasoro ya fimbo ni kwamba mizizi yake inakaa juujuu. Kwa mahali penye upepo mkali wa kusi, miti iliyotokana na mbegu husimama imara zaidi na haigombanii sana maji na muhogo. Lusina ni ya mbegu tu. Ganda la mbegu ni gumu, linahitaji kuloweshwa kwenye maji ya moto kabla ya kupandwa, na miezi ya mwanzo mche unakwenda polepole hadi magugu yanaufunika usipolima kila mara. Ukishapita hapo, mzizi wake mkuu unakwenda chini sana na unastahimili kiangazi kuliko glirisidia.

Kwa mifugo, mbuzi na ng'ombe wanaipenda lusina mara moja. Tatizo ni mimosini, sumu iliyomo kwenye majani yake, ambayo mnyama akila kwa wingi kwa muda mrefu humpukutisha manyoya na kumdhoofisha. Kwa ng'ombe na mbuzi isizidi takriban theluthi moja ya malisho. Punda usimpe kabisa. Tumbo lake halina namna ya kuivunja sumu hiyo. Majani ya glirisidia yana harufu inayowafanya mbuzi wengi wayakatae siku za mwanzo, lakini yakikatwa leo na kuachwa yanyauke hadi kesho wanayazoea. Mwenye ng'ombe wa maziwa wa kufungwa bandani anaweza kuchagua yoyote kati ya hao, mradi akumbuke kwamba kila tawi linaloingia bandani limetoka kondeni. Samadi isiporudishwa kwenye konde hilohilo, mti unalilisha banda na ardhi inabaki na njaa.

Lusina ina mambo mawili zaidi yanayonifanya niiweke nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kidudu kinyonyaji kiitwacho Heteropsylla cubana kilifika pwani ya Afrika Mashariki na kuyashambulia machipukizi ya lusina kwa nguvu. Kidudu hicho hakina shida na glirisidia. Jambo la pili ni zito zaidi kwangu. Lusina huzaa maganda kwa wingi sana na mbegu zake hudumu udongoni. Imo kwenye orodha ya Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira ya viumbe 100 vamizi vibaya zaidi duniani. Visiwa vyetu ni vidogo, misitu yetu ya asili ya Ngezi, Masingini na Jozani ni vipande vilivyobaki, na mti unaojipandikiza wenyewe mawe kwa mawe hautambui mpaka wa konde lako. Kama tayari unayo, ikate kabla maganda hayajakauka. Kama huna, na glirisidia inakubali kwenye udongo wako, sioni sababu ya kuileta.

Mvinje na akesia: naitrojeni ipo, lakini imefungwa

Mvinje na akesia, hasa ile yenye majani marefu yaliyopinda kama mwezi mchanga ambayo wataalamu huiita Acacia auriculiformis, zote zinavuta naitrojeni hewani vizuri kabisa. Zinaota pale ambapo glirisidia ingekata tamaa. Mvinje unastahimili chumvi na mchanga wa pwani uliojaa chokaa kuliko mti wowote kati ya hii mitano. Kwenye udongo wa aina hiyo tatizo la kwanza la mche huwa ni chuma kisichopatikana, na miche mingine huwa manjano hata kama naitrojeni ipo; mvinje una vinundu, una ukungu wa mizizini unaousaidia kutafuta fosfati, na unaweza kuvumilia.

Kasoro yao ni jani. Akesia hiyo haina majani ya kawaida ikishakua: kile unachokiona ni vikonyo vilivyopanuka, vigumu, vyenye tanini na lignini nyingi, vitu vinavyochelewesha kuoza. Mvinje nao unaangusha vijiti vyake vyembamba. Zulia linalojengeka chini ya miti hii linaoza kwa taratibu mno, na vijidudu vinavyoliozesha huinyonya naitrojeni ya udongoni kwanza kwa mahitaji yao kabla ya kuitoa. Ukichukua takataka za mvinje ukazifukia kwenye tuta la mchicha, mchicha unaweza kuwa manjano zaidi ya mwanzo. Zulia hilo lina kazi nyingine nzuri: linazuia magugu, linakinga mchanga usipeperuke, na kwa miaka linajenga udongo mweusi mahali palipokuwa peupe. Ni mbolea ya mjukuu.

Tena mvinje hauchipui vizuri ukikatwa, kwa hiyo haufai kuwa ua wa kupogolewa kila mara. Kinachoufanya uwe na thamani ni mti wenyewe: boriti, nguzo, fito za kujengea, na kuni zinazowaka hata zikiwa bado na unyevu. Akesia nayo inatoa kuni na makaa mazuri. Kwa nchi ambayo nyumba nyingi bado zinapika kwa kuni na makaa, ekari moja ya miti hii nyuma ya kijiji inaupunguzia mzigo msitu wa asili. Ipande kwa ajili hiyo, na iweke pembezoni mwa konde kama kinga ya upepo. Katikati ya mazao, hapana. Akesia pia husambaa kwa mbegu zake, nayo isogezwe mbali na mipaka ya misitu.

Mbaazi, na suala la ardhi

Katika ulinganisho wa miti inayopandwa kwa ajili ya naitrojeni, mbaazi husahaulika kwa kuwa tumezoea kuiona kwenye chungu pamoja na tui la nazi. Ni kichaka cha miaka miwili mitatu, hakifiki ukubwa wa glirisidia, na kwa jumla ya naitrojeni kinashindwa. Lakini kina sifa mbili ambazo hakuna mwingine anazo.

Ya kwanza iko mizizini. Mzizi wa mbaazi hutoa asidi zinazoifungua fosfati iliyoshikwa na chuma, kwa hiyo kwenye kinongo chekundu unajitafutia wenyewe kile ambacho vinundu vinakihitaji. Muhogo au mahindi yakifuata mahali hapo yanakuta mabaki ya yote mawili, naitrojeni na fosfati. Sehemu ya naitrojeni unaichukua wewe kwenye mbaazi unazozivuna, na hiyo ni halali yako. Majani yaliyopukutika na mizizi ndiyo mgao wa ardhi, usiyafagie wala kuyachoma.

Ya pili ni haki ya kupanda. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa ya Serikali, familia nyingi zikagawiwa eka tatu, na hadi leo mti na ardhi uliposimama vinaweza kuwa na wenyewe tofauti. Mwenye minazi anaweza kukuruhusu ulime muhogo chini ya minazi yake kwa miaka mingi kwa wema tu. Ukichomeka mti wa kudumu, jambo linabadilika, kwa sababu mti ni dai. Wengi wanaolima ardhi ya kuazima ni wanawake, na kuwaambia wapande safu za glirisidia ni kuwatafutia ugomvi na mwenye shamba. Mbaazi hakuna anayeihesabu kuwa mti wa kudumu. Kwa mkulima wa namna hii ningeshauri mbaazi pasipo kusita, ichanganywe na muhogo kwa mistari, na kunde zitambae katikati. Kama anataka glirisidia, aanze kwa kuzungumza na mwenyewe, na fimbo ziwe za ua wa mpakani ambao pande zote mbili zimeridhia.

Majani dhidi ya mfuko wa urea

Mfuko wa kilo 50 wa urea una naitrojeni kilo 23. Ukikata majani ya glirisidia mpaka ukapata tani 1 ya majani makavu yenye naitrojeni asilimia 3.5, umepata kilo 35, sawa na mfuko mmoja na nusu. Majani mabichi ni maji kwa sehemu kubwa, kwa hiyo hiyo tani 1 kavu ni kama tani 4 mbichi za kukata na kubeba. Kwa kipimo cha mtu mmoja: mzigo wa kilo 20 za majani mabichi una naitrojeni kama gramu 175, ambayo kwenye urea ni takriban gramu 380. Mzigo huo chini ya shina moja la mgomba ni chakula cha maana.

Ila hesabu hiyo isikudanganye. Zao la msimu huo hupata kiasi kama robo tu ya naitrojeni iliyomo kwenye majani, mara nyingine chini ya hapo. Nyingine inabaki kwenye mboji ya udongo na kutoka polepole misimu inayofuata, nyingine inapotea. Urea inampa mmea haraka, na kama imetupwa juu ya udongo bila kufukiwa sehemu yake inageuka amonia na kuruka hewani, au mvua kubwa ya masika inaipitisha kwenye kichanga hadi chini kusikofikiwa na mizizi. Mwenye mpunga wa Cheju anayehitaji naitrojeni kwa wiki fulani ya ukuaji bado atahitaji mfuko wake; mti wa kondeni hautamfikishia kwa wakati, ingawa sesbania, mti mwingine wa jamii ya kunde unaovumilia maji, inaweza kupandwa pembezoni mwa jaruba na majani yake kufukiwa kabla ya kupandikiza. Mwenye migomba, muhogo, viungo au mboga juu ya udongo mkavu ananufaika zaidi na majani, kwa sababu yanampa na kitu ambacho mfuko hauna: udongo unaoshika maji.

Na moto. Kwenye maweni desturi ni kufyeka, kuchoma, na kulima kati ya mawe. Majivu yanabakisha chokaa, potasiamu na fosfati, lakini naitrojeni iliyokuwa kwenye majani karibu yote inakwenda na moshi. Kazi ya miaka ya vinundu inarudi hewani kwa saa moja. Anayelima uwandani akiweza kubadili jambo moja tu, lisiwe aina ya mti. Awe anakata majani na kuyatandaza, achome vigogo na miiba tu.

Uchague nini

Udongo wa kina upande wa magharibi ya Unguja, au vilima vya Pemba, na ardhi ni yako: glirisidia. Kwenye mteremko ipange safu zinazofuata kimo kimoja cha kilima, ikaribiane nusu mita, ili matawi yazuie na udongo usiteremke. Kwenye mikarafuu michanga iwe kivuli, kisha uipunguze glirisidia mara mikarafuu ikishika.

Uwandani penye mawe: jaribu glirisidia ya mbegu kwenye mifuko mikubwa ya udongo, mbaazi kwenye midogo. Lusina iwe ya mwisho, na kwa mtu anayeweza kuahidi kuikata kabla ya maganda kukauka.

Ukingo wa pwani penye chumvi na upepo: mvinje, na usiutarajie kulisha mboga. Kama unachotaka ni kuni na nguzo: akesia au mvinje, nje ya konde. Ardhi ya kuazima: mbaazi.

Kwa atakayepanda glirisidia masika haya, asikate kitu mwaka wa kwanza hadi mti ufikishe kama miezi 8 hadi 12. Baada ya hapo akate kwa kimo cha kiuno au chini kidogo, wiki mbili hivi kabla ya kupanda mazao ya vuli na tena kabla ya yale ya masika, atandaze majani siku ileile juu ya udongo wenye unyevu, karibu na shina la zao. Kati ya mkato na mkato ndani ya mvua apishe miezi miwili hadi mitatu. Kila mkato unaua sehemu ya vinundu, na mti unahitaji majani mapya yenye sukari ya kutosha kabla ya kuotesha vingine.